Mtindi na Matunda kwa Matabaka Ndani ya Chupa: Mwongozo Kamili wa Kifungua Kinywa Unachoandaa Usiku

Kifungua kinywa hiki kina vitu vitatu tu: mtindi mzito, matunda, na kitu cha kutafuna, yaani granola (oti na korosho au karanga zilizokaangwa na asali). Vinapangwa tabaka juu ya tabaka kwenye chupa ya kioo, chupa inafungwa na kulala kwenye friji. Asubuhi unachukua kijiko na kula, au unaibeba kwenda nayo kazini. Kinachowashinda wengi ni maji. Mtindi huachia maji, matunda huachia maji, granola huyanywa yote, na asubuhi unafungua chupa unakuta mchanganyiko mmoja laini usiojulikana ulianza wapi. Ukishajua maji yanatoka wapi, kazi yote inakuwa rahisi: unayatoa kwenye mtindi mapema, unayapunguza kwenye matunda, na unayaweka mbali na granola mpaka dakika ya kula.

Maelezo haya yanafaa jiko la kawaida la mjini: jiko la gesi, sufuria, hotipoti, friji ndogo. Oveni si lazima. Vipimo vya kikombe ni mililita 250, na kijiko ni kijiko cha mezani isipokuwa nikisema vingine.

Chupa

Huna haja ya kununua chupa maalumu. Chupa iliyokuwa na jamu, asali au siagi ya karanga, yenye ujazo wa mililita 400 hadi 500, inamtosha mtu mzima mmoja. Mdomo uwe mpana kiasi cha kijiko kilichojaa kuingia bila kugusa kingo. Chupa yenye shingo nyembamba itakuchafulia matabaka kabla hujafika juu. Iliyokuwa na achari iache kwa kazi nyingine, kwa sababu utando laini ulio ndani ya kifuniko hushika harufu, na mtindi huivuta kwa usiku mmoja tu.

Osha kwa sabuni na maji ya moto. Kisha tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, jaza maji ya baridi mpaka yazifunike, ndipo uwashe moto. Zichemke dakika 10. Chupa ya baridi isitumbukizwe kwenye maji yanayotokota, kioo hupasuka. Vifuniko vitoshe kuoshwa vizuri kwa maji ya moto sana. Pindua chupa juu ya kitambaa kisafi na ziache zikauke zenyewe, maana kitambaa cha kufutia vyombo hurudisha uchafu uliokwisha kuutoa. Na zikauke kweli: matone yaliyobaki chini yataonekana asubuhi chini ya mtindi.

Mtindi mzito ndio msingi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mtindi mwingi unaouzwa kwenye pakiti ni wa kunywa, unamiminika, na hauwezi kubeba tunda juu yake. Zile yogati za vikopo vidogo zenye ladha ya stroberi au vanila zina sukari nyingi, na baadhi zina wanga au jelatini inayoshikilia maji, hivyo hata ukizichuja hazitoi kitu. Kama unanunua, tafuta mtindi usiotiwa sukari wala ladha, ulioandikwa kwamba una bakteria hai, kisha uchuje kama nitakavyoeleza. Kama una saa chache za jioni, tengeneza mwenyewe. Ni nafuu zaidi, na unajua ulichokula.

Kwa chupa mbili au tatu unahitaji lita 1 ya maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta na vijiko 2 vya mtindi mpya usio na sukari, ndiyo mbegu. Ukipenda uwe mzito zaidi, koroga ndani ya maziwa ya baridi vijiko 4 vya maziwa ya unga kabla ya kuyabandika.

Maziwa mabichi ya muuzaji wa mtaani lazima yachemke, hilo halina mjadala. Yanaweza kubeba bakteria wa bruselosisi na wa kifua kikuu, na kuyagandisha yawe mtindi hakuwaui. Lakini hata maziwa ya pakiti yaliyokwisha kupashwa kiwandani kwa joto la wastani yanafaidika na moto. Yafikishe nyuzi 85 za Selsiasi na uyashikilie hapo kama dakika 10 kwa moto mdogo. Bila kipimajoto, ni ile hali ya mvuke mwingi na vipovu vidogo kuzunguka ukingo wa sufuria, kabla hayajainuka kutaka kumwagika. Katika joto hilo protini za majimaji ya maziwa hufunguka na kujishikiza kwenye protini zile zinazoganda, ukatengenezwa wavu unaozuia maji yasitoke. Mtindi wa maziwa ambayo hayakupata joto hilo huganda pia, ila huwa mwepesi na huachia maji mapema. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji yamekwisha kupata joto kali kuliko hilo, hivyo yapashe moto tu mpaka yawe vuguvugu. Mtindi wake huwa laini zaidi, kwa hiyo hapo maziwa ya unga yanasaidia sana.

Yaache yapoe mpaka nyuzi 43 hadi 45. Kwa kidole kilichooshwa vizuri: unahisi joto waziwazi, lakini unaweza kukiacha ndani ukahesabu polepole mpaka kumi bila kukitoa. Ukitia mbegu maziwa yangali ya moto sana, bakteria wanakufa na asubuhi unakuta maziwa yaleyale. Changanya mbegu na maziwa kidogo kwenye kikombe mpaka mabonge yaishe, rudisha kwenye sufuria, koroga taratibu, mimina kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funika. Kisha usiiguse. Mtindi ukitikiswa wakati unaganda, wavu unakatika na maji yanajitenga.

Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, saa 6 zinatosha. Njombe au Limuru wakati wa baridi, funga hotipoti kwa blanketi na uipe saa 8 hadi 10. Umeiva ukiinamisha chombo na mtindi ukasogea kwa pamoja kama kitu kimoja. Ukikaa zaidi unazidi kuwa mchachu, jambo ambalo wengine wanalitaka. Uingize kwenye friji saa mbili kabla ya kuuchuja.

Bakteria wanaofanya kazi hii ni aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, na wote wanapenda joto. Huyo wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na daktari kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, akiwa maabara huko Geneva. Kupenda kwao joto ndiyo sababu ya hotipoti. Maziwa mgando ya kienyeji na yale maziwa lala ya pakiti ya Kenya hugandishwa na bakteria wengine wanaofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo ukiyatumia kama mbegu kwenye maziwa ya nyuzi 45 hupati matokeo haya. Unaweza hata hivyo kuyachuja. Maziwa lala yaliyochujwa usiku mzima ni matamu sana kwa kazi hii, na kwangu yana ladha ya ndani zaidi kuliko mtindi wa hotipoti.

Kuchuja

Weka chujio juu ya bakuli lenye kina, tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilekile unachotumia kuchuja tui kinafaa kama kimechemshwa na hakina harufu ya nazi. Mimina mtindi, kunja ncha za kitambaa juu yake, na uingize bakuli lote kwenye friji. Usikamue kwa mikono, utapitisha mtindi wenyewe.

Baada ya saa 2 unakuwa mzito wa kuchotwa kwa kijiko. Baada ya saa 4 kijiko kinasimama, na hapo ndipo ninapopapendelea kwa chupa. Ukilala kwenye kitambaa mpaka asubuhi unakuwa jibini laini, ile wanayoiita labna Lebanoni na nchi nyingine za Mashariki ya Kati, ambayo ni nzuri kwa mkate na mafuta ya zeituni lakini ni nzito mno kwa kula na matunda. Lita 1 itakupa kama gramu 450 hadi 550. Majimaji ya njano yaliyobaki kwenye bakuli usiyamwage, nitayarudia.

Asali, vanila au iliki iliyosagwa tia baada ya kuchuja, na uchanganye kwa mizunguko michache tu. Kuupiga mtindi kwa nguvu kunaulegeza, na haurudi tena. Kijiko 1 cha asali kwa gramu 200 za mtindi kinatosha, kwa sababu matunda yanakuja na utamu wao. Kuna njia nyingine ninayoipenda: kijiko 1 cha unga wa ubuyu usiotiwa sukari. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, hivyo hunywa maji ya mtindi na kuuzidishia uzito, na uchachu wake unaendana na embe kuliko asali inavyoendana nalo.

Matunda: yapi yalale na mtindi, yapi yasubiri asubuhi

Si kila tunda tamu linafaa kulala ndani ya chupa, na mengi yanayoharibika yanaharibika kwa sababu inayojulikana.

Nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, ndilo linalowakosesha watu usingizi. Lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Mtindi ni protini. Ukiuacha na vipande vya nanasi bichi usiku kucha, wavu wote uliohangaika kuutengeneza unakatwa, mtindi unakuwa majimaji na unapata uchungu ulimini. Dawa yake ni moto. Kimeng'enya hiki kinakufa nanasi likichemka, ndiyo maana nanasi la kopo halina shida. Mimi huwa nalipika: nanasi moja la ukubwa wa kati lililokatwa vipande vidogo, vijiko 2 vya sukari, iliki 3 zilizopondwa, na maji ya nusu ndimu. Moto wa wastani, bila kufunika, dakika 12 hadi 15, mpaka maji yake yakauke na vipande ving'ae. Katika msimu wa nanasi za Kiwangwa, Bagamoyo, unaweza hata kuacha sukari. Lipoe kabisa kabla halijaingia kwenye chupa. Nanasi hili likikaa chini ya mtindi linabaki palepale, halivuji, na asubuhi limekuwa tamu zaidi.

Papai lina kimeng'enya cha ukoo huohuo, papaini. Kiko kwa wingi kwenye utomvu wa papai bichi na hupungua tunda likiiva, lakini hakiishi chote. Papai lililoiva sana ukila mara moja hutaona tofauti. Likilala, uchungu unaanza. Kwa hiyo papai liingie asubuhi. Kiwi nayo ni hivyohivyo.

Embe ndilo tunda la kazi hii. Halina tabia ya kukata mtindi, lina nyama nzito, na rangi yake nyuma ya kioo inapendeza. Chagua lililoiva lakini bado gumu kidogo ukilibonyeza, maana lililolainika sana linatoa maji. Kwa Kenya, aina za embe ziitwazo Ngowe na Apple hazina nyuzi za kuingia kwenye meno. Embe lenye nyuzi usilitupe, lisage, lipitishe kwenye chujio, kisha pika rojo lake kwa dakika chache lipungue maji. Embe la vipande likishakatwa liache kwenye chujio dakika 15 kabla ya kulitumia. Na usilinyunyizie sukari, wala tunda lingine lolote bichi: sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda, ukakuta bakuli zima limejaa sharubati.

Pasheni ni nzuri sana, na punje zake hubaki zikikatika kwenye meno hata baada ya siku mbili. Ina maji, hivyo kijiko 1 au 2 kinatosha katikati ya matabaka mawili ya mtindi. Zabibu, kama zile za Dodoma, zikatwe nusu na zitolewe mbegu. Stafeli likitolewa mbegu zote na kuchanganywa na mtindi lenyewe, badala ya kuwa tabaka, ni chakula cha heshima. Machungwa na machenza yatolewe maganda ya kila kipande na yachujwe, vinginevyo utando wake huwa mchungu. Stroberi za nyanda za juu zikatwe siku hiyohiyo.

Ndizi mbivu inageuka kahawia ikikutana na hewa. Maji ya ndimu yanachelewesha jambo hilo kwa saa chache, hayalizuii kabisa. Ikate asubuhi. Parachichi nalo ni hivyo, ingawa lililopondwa kwa ndimu na asali na kufunikwa kabisa na mtindi, bila kuachiwa hewa, linafika asubuhi likiwa na rangi yake. Tikiti maji liache kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji, na hakuna mbinu ya kulishinda.

Halafu kuna matunda makavu, ambayo watu wengi hawayafikirii. Tende, zabibu kavu na embe kavu hufanya kinyume cha matunda mabichi: hunywa maji. Ukikata tende 3 vipande vidogo na kuzichanganya na mtindi usiku, zinalainika, zinautamisha mtindi bila sukari, na zinauacha mzito kuliko ulivyokuwa. Kama umechuja mtindi kwa haraka na haujafika unapotaka, tende zitamalizia kazi. Mbegu za chia nazo zinafanya hivyo, kijiko cha chai 1 kwa chupa, ukikoroga mara mbili kwa kupishanisha dakika 10 ili zisigande kwa mabonge.

Granola ya kikaangoni

Ya dukani ni ghali na tamu kupita kiasi. Hii inajaza kopo la wiki mbili:

Oti za kupikia uji, vikombe 3
Korosho au karanga zilizokatwakatwa, kikombe 1
Nazi iliyokunwa na kukaushwa, nusu kikombe
Ufuta, vijiko 3
Mafuta ya nazi, robo kikombe
Asali, theluthi moja ya kikombe
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Mdalasini na iliki, kijiko cha chai 1 kwa pamoja

Kuhusu karanga, zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupe, kwa sababu ya sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo kwa kiwango cha kutegemewa. Ukionja ukakuta chungu, tema. Mimi natumia korosho za kusini zaidi. Nazi si lazima uitoe nzima: machicha yanayobaki baada ya kukamua tui yanafaa, ilimradi uyakaushe kwanza kwenye kikaango kwa moto mdogo mpaka yaachane.

Bandika kikaango kizito au sufuria pana. Kaanga korosho peke yake kwa moto mdogo dakika 5, toa. Tia oti kavu, geuza mfululizo dakika 6 hadi 8 mpaka harufu yake ibadilike na rangi ianze kuingia. Rudisha korosho, ongeza nazi na ufuta, dakika 2 tu, maana hivi viwili vinaungua ukigeuza kichwa. Kwenye kisufuria kingine pasha mafuta, asali, chumvi na viungo mpaka viwe vyepesi, mimina juu, geuza kwa mwiko dakika 3 au 4 zaidi. Mwenye oveni achanganye vyote pamoja isipokuwa nazi, aoke kwa nyuzi 150 dakika 25, ageuze katikati, na aongeze nazi dakika 5 za mwisho.

Itandaze kwenye sinia, nyembamba, na uiache ipoe kabisa. Ikitoka motoni huwa bado laini, ugumu unakuja inapopoa. Usiifunike ikiwa na joto, mvuke wake wenyewe utailainisha. Mafuta katika mapishi haya yana kazi kubwa kuliko ladha, kwani yanaipaka kila punje na kuzuia maji yasiingie haraka. Anayepunguza mafuta kwa ajili ya afya atapata granola inayolainika mapema, basi na apunguze akijua hivyo.

Kupanga

Kwa chupa ya mililita 450:

Kwanza, vijiko 3 vya nanasi lililopikwa, chini kabisa. Kitu chenye majimaji au rojo siku zote kinakaa chini, kwa sababu kikiwekwa juu kitateremka na kuchora michirizi kwenye mtindi mzima.

Pili, mtindi vijiko 4. Weka kijiko katikati, kisha usukume kwa mgongo wa kijiko mpaka uguse kioo pande zote. Ukianzia pembeni unalichimbua tunda la chini. Gonga chupa taratibu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili hewa itoke.

Tatu, embe vijiko 4, au pasheni kijiko kimoja na embe vitatu. Ukitaka vipande vionekane kwa nje, kausha vichache kwa karatasi ya jikoni, vibandike kwenye kioo kwanza, ndipo ujaze katikati.

Nne, mtindi vijiko 4 vingine, ukifunika tunda lote lisibaki linaloona hewa. Futa ndani ya mdomo kwa karatasi iliyozungushiwa kwenye mpini wa kijiko, kwa uzuri na kwa sababu mtindi uliogandia juu ndio unaoanza kuchacha. Acha nafasi ya vidole viwili. Funga, ingiza kwenye friji.

Granola vijiko 4 au 5 inaingia wakati wa kula. Kwa anayekula nyumbani hilo halina tabu. Anayedamka alfajiri kuwahi daladala na kula ofisini aibebe kwenye kikopo chake, au kwenye karatasi iliyofungwa vizuri juu ya kifuniko. Kama ni lazima iwe ndani ya chupa, tandaza juu ya mtindi tabaka jembamba la siagi ya karanga lililofika kwenye kioo pande zote, kisha granola juu yake. Mafuta ya siagi huziba njia ya maji. Utapata saa 3 au 4 za granola inayotafunika, si zaidi.

Mwezi wa Ramadhani hii ni daku nzuri. Mtindi mzito una protini na mafuta, tende na oti zinakaa tumboni, na mtu anayeamka na usingizi hana cha kupika.

Kukaa, na kubeba

Mtindi uliochujwa peke yake, kwenye friji ya nyuzi 4, unakaa wiki moja. Chupa iliyopangwa na nanasi la kupika au matunda makavu, siku 3. Yenye embe au zabibu mbichi, siku 2. Kwa hiyo Jumapili jioni unaweza kuandaa mpaka Jumatano, halafu ukaandaa tena. Sioni faida ya kuandaa ya wiki nzima kwa siku moja. Mtindi wa siku ya tano unalika, ila hauna raha.

Nje ya friji isizidi saa 2, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, ambalo Dar es Salaam ya Januari inalifikia bila shida, saa 1. Kwa safari ndefu, gandisha chupa ndogo ya maji, izungushie taulo pamoja na chupa ya mtindi. Umeme ukikatika, usifungue friji: ikiwa imefungwa inashikilia ubaridi kama saa 4. Baada ya hapo, ihesabu chupa kama iko nje ya friji, na ukiona povu au ukikuta gesi inasukuma kifuniko, mwaga mara moja.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata tone, kwa ajili ya hatari ya sumu ya botulini. Mpe mtindi mtupu na embe lililopondwa, bila granola wala korosho nzima, kulingana na umri wake. Uliza wageni kuhusu mzio wa karanga kabla hujawakaribisha. Na wale ambao maziwa freshi huwasumbua tumbo mara nyingi huuvumilia mtindi uliochujwa, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa na sehemu nyingine imeondoka na majimaji. Waanze na vijiko vichache.

Mambo yakienda kombo

Mtindi haukuganda kabisa: mbegu ilikuwa ya zamani au maziwa yalikuwa ya moto mno. Kama bado una harufu ya maziwa freshi na haujapita usiku mmoja, upashe taratibu mpaka vuguvugu, tia mbegu mpya, rudisha kwenye hotipoti. Ukiwa unavutika kwa nyuzi, joto lilikuwa dogo na muda mrefu. Ukiwa na chengachenga, maziwa yalichacha kabla hujayabandika, au ulitia mbegu nyingi. Vijiko 2 kwa lita ni vya kutosha, ukiongeza haugandi vizuri zaidi.

Maji juu ya mtindi asubuhi, ilhali uliuchuja, karibu siku zote yanatoka kwenye tunda. Ongeza tende au ubuyu safari ijayo na uchuje tunda kwa muda mrefu zaidi. Uchungu: nanasi ambalo halikuchemka vizuri, papai, au utando wa chungwa. Mtindi uliogeuka waridi au wenye madoa ya ukungu usiukwangue juu ukala wa chini, utupe wote pamoja na kuchemsha chupa upya.

Yale majimaji ya njano sasa. Yana uchachu mzuri na yanakaa kwenye friji siku 5 hivi. Tumia badala ya maji kukandia unga wa chapati au maandazi: kwa vikombe 3 vya unga anza na kikombe 1, ongeza kidogokidogo, na uuache unga upumzike nusu saa. Chapati zinatoka laini na zinabaki laini mpaka kesho yake. Yakizidi, yasage na ndizi mbivu na barafu, unywe palepale.